Mchezaji wa Akiba Apimwe kwa Dakika Alizopewa

Imekuwa desturi miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vyetu, na hata wa shule za upili, kumiliki timu za kubuni. Mwanafunzi huteua wachezaji halisi wa ligi fulani, huwapanga katika kikosi chake cha kwenye simu, na kila wachezaji hao wanaposhuka uwanjani yeye huvuna alama kwa yale waliyoyatenda. Wengi hufanya hivyo kwa kandanda ya Ligi Kuu ya Uingereza. Wachache, na hawa ndio ninaowalenga leo, hufanya hivyo kwa mpira wa vikapu wa NBA, ligi kuu ya Marekani. Mimi simo katika kundi la wanaoushutumu mchezo huu kuwa ni upotevu mtupu wa wakati. Kijana anayejua kukokotoa wastani na asilimia kwa sababu ya mpira amejua kukokotoa, basi. Kinachonikera ni aina ya hukumu inayozaliwa humo kisha ikahamia darasani na uwanjani, kwamba mtu ni jumla ya tarakimu zake. Na hapana anayeonewa na hukumu hiyo kuliko mchezaji wa akiba.

Asili ya mchezo wenyewe ni besiboli. Mnamo mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walianzisha ligi yao ya kubuni jijini New York, wakaipa jina kutokana na mkahawa walimokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Hesabu zilifanywa kwa mkono kutoka katika majedwali ya magazeti. Baadaye mtindo huo ulienea katika michezo mingine. Katika mpira wa vikapu ligi nyingi za kubuni hupima mambo tisa: pointi, mipira inayodakwa inapodunda kutoka kwenye pete, pasi za kufungia, mipira inayoporwa, mitupo inayozuiwa, vikapu vya pointi tatu, asilimia ya mitupo inayoingia, asilimia ya mitupo ya adhabu, na mipira inayopotezwa.

Sasa tazama hesabu moja rahisi ambayo wachezaji wengi wa fantasi hawajaitafakari. Ligi ya kubuni yenye timu 12, kila timu ikiwa na wachezaji 13, huhitaji wachezaji 156. NBA ina timu 30, na kila timu huanza mechi na wachezaji watano. Hao ni 150. Kwa hiyo hata kabla hujafungua jedwali lolote, muundo wa mchezo umekwisha kuamua kwamba wanaotakiwa ni takriban sawa na wanaoanza mechi, na kwamba yule wa sita, wa saba na wa nane, isipokuwa akiwa na kipawa cha pekee, ataachwa nje ya mlango. Hajaachwa kwa sababu hafai. Ameachwa kwa sababu viti vimekwisha.

Wajuzi wa takwimu walilitambua tatizo hili zamani, wakabuni dawa. Dawa yenyewe ni kumhesabia kila mchezaji kana kwamba amecheza dakika 36, yaani robo tatu ya mechi ya NBA, ambayo ni dakika 48. Hapo mchezaji wa akiba hulinganishwa na nyota bila ya kudhulumiwa. Hivyo ndivyo wasemavyo.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1987, ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA. Mwaka 2009 klabu ya Memphis ilimchagua wa pili katika uteuzi wa mwaka ule, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 68, wastani wa dakika 13 kwa mechi, akapata wastani wa pointi 3.1, mipira ya kudaka 3.6 na mitupo ya kuzuia 1.3. Tarakimu nyonge. Lakini zikuze ziwe za dakika 36, utaona mtu mwingine kabisa: mipira ya kudaka inakaribia 10, na mitupo ya kuzuia inafika 3.6. Dwight Howard, aliyeongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo msimu huo, alikuwa na wastani wa 2.8 kwa mechi. Kwa dawa hiyo ya wajuzi, basi, mzuiaji hodari kuliko hata Howard mwaka ule alikuwa ameketi kwenye benchi la Memphis.

Hapa naomba ruhusa ya kuingiza kidogo mambo ya fani yangu, maana ni hapa ambapo sarufi hufichua kile ambacho tarakimu hukificha. Sentensi ile ya takwimu, ikiandikwa kwa Kiswahili kamili, husema hivi: "Thabeet angecheza dakika 36, angezuia mitupo 3.6." Ni sentensi ya -nge-. Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kumweleza mwanafunzi kuwa -nge- hutaja jambo ambalo halijawa, lakini laweza kuwa endapo sharti lake litatimia. Nayo -ngali- hutaja sharti lililokwisha kupita, mlango uliofungwa. (Najua kuwa barazani watu huzichanganya mbili hizi, na sina ugomvi nao.) Jedwali la takwimu halina -nge- wala -ngali-. Huiandika ndoto kwa wino uleule unaotumika kuandika tukio, kisha huipamba kwa nukta na desimali ili ifanane na ukweli.

Na lile sharti lina mambo mengi ndani yake. Katika NBA mchezaji akifanya fauli sita hutolewa nje, na vijana warefu ambao bado wanajifunza kulinda pete hufanya fauli kwa wingi; Thabeet alikuwa mmoja wao. Huenda asingezifikia hizo dakika 36 hata angepewa. Kadhalika, mchezaji wa akiba mara nyingi hupambana na akiba wa upande wa pili, si na wale watano wa kwanza. Tena huingia akiwa na miguu mibichi, akajituma kwa dakika 6, akatoka. Kukimbia mita mia si kukimbia kilomita kumi kwa mwendo huohuo. Kwa upande mwingine, mtu anayetolewa mara tu anapokosea hucheza kwa hofu, na hofu nayo haina safu katika jedwali. Kwa hiyo tarakimu za dakika 36 zaweza kumtukuza mtu kupita kiasi, na zaweza pia kumpunja, na ukizitazama peke yake huwezi kujua zimefanya lipi kati ya hayo mawili.

Mwanaisimu Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba thamani ya neno haimo ndani ya neno lenyewe bali katika mahali pake miongoni mwa maneno mengine. Alitoa mfano wa sataranji: farasi akipotea, waweza kuweka mahali pake kitu chochote kile, na kitu hicho kitakuwa farasi maadamu mmekipa thamani hiyo. Sisi tuna neno ambalo limeihifadhi hoja hii vizuri sana, neno nafasi. Nafasi ni mahali, na nafasi ni fursa. Kumwuliza kocha "ana nafasi gani?" ni kuuliza maswali mawili kwa pumzi moja.

Nafasi ya Thabeet huko Memphis ilikuwa na mwenyewe. Marc Gasol, ambaye katika uteuzi wa mwaka 2007 alichaguliwa wa 48, alikuwa amekwisha kuimiliki, na mwaka 2013 alitangazwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Yaani klabu ilitumia chaguo la pili kuchukua kijana wa kuketi nyuma ya mtu ambaye hangeondoka. Februari 2010 ilimshusha kwa muda katika ligi ya chini, akawa mchezaji aliyechaguliwa juu kuliko wote waliowahi kupelekwa huko hadi wakati huo. Msimu wa pili dakika zake zikapungua zikawa 8 hivi. Mwenye timu ya kubuni aliyeuliza kama amchukue alistahili jibu fupi: mwache, labda kama ligi yenu ni ya timu nyingi mno na huna kabisa mzuiaji wa mitupo. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Kosa ni kuligeuza jibu la wiki moja kuwa hukumu ya maisha ya mtu.

Februari mwaka 2011 Memphis na Houston zilibadilishana wachezaji. Memphis ilimtoa Thabeet pamoja na DeMarre Carroll na haki ya uteuzi. Houston ikawatoa Shane Battier na Ish Smith. Ningelikuwa mwalimu wa takwimu ningeyafundisha mabadilishano haya kwa muhula mzima, kwa sababu siku ile yalipotangazwa, mwenye timu ya kubuni hakuwa na sababu kubwa ya kuwagombea wachezaji hao wanne. Tuwafuate mmoja mmoja.

Battier ndiye aliyekuwa na jina. Miaka miwili kabla ya hapo, Februari 2009, Michael Lewis aliandika makala ndefu katika jarida la gazeti la New York Times juu ya mchezaji huyu, akieleza jinsi wakuu wa Houston walivyogundua kwamba tarakimu zake ni za kawaida mno, ilhali kila alipokuwa uwanjani wenzake walicheza vizuri zaidi na wapinzani wakacheza vibaya zaidi. Hakuzuia mitupo mingi. Alimlazimisha mpinzani kutupa kutoka mahali ambapo hapendi. Hilo nalo halina safu katika fantasi. Miezi miwili baada ya kuhamia Memphis, Aprili 2011, alitupa kikapu cha pointi tatu katika sekunde za mwisho dhidi ya San Antonio, na klabu ile ikapata ushindi wake wa kwanza kabisa katika mechi za mtoano, kisha ikaitoa San Antonio iliyokuwa imeongoza kanda yake. Mwaka 2012 na 2013 Battier alitwaa ubingwa akiwa na Miami.

Carroll alikuwa ametoka katika uteuzi uleule wa 2009, klabu ileile, akiwa wa 27. Houston haikukaa naye. Ilimwacha kabla ya msimu kwisha. Akaenda Denver, nako akaachwa. Utah ikamwokota. Mwaka 2013 akajiunga na Atlanta, na huko akapata kile ambacho hakuna jedwali lililokitabiri: kocha aliyemwanzisha na wenzake waliomhitaji. Januari 2015 Atlanta ilishinda mechi zote 17 za mwezi huo, na wachezaji wake wote watano wanaoanza, Carroll akiwamo, wakatunukiwa kwa pamoja tuzo ya mchezaji bora wa mwezi wa kanda ya Mashariki. Kiangazi cha mwaka huo Toronto ilimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 60. Ni Carroll yuleyule. Miguu ni ileile, mikono ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi, kwa maana zake zote mbili.

Ish Smith hakuchaguliwa na mtu mwaka 2010. Alizunguka NBA hadi akaweka rekodi ya kuchezea klabu 13, kila mahali akiwa, aghalabu, mtu wa kumpumzisha mwingine. Mwaka 2023 alikuwa katika kikosi cha Denver kilichotwaa ubingwa. Kwa hesabu za fantasi mtu huyu ni sifuri inayotembea kutoka mji hadi mji. Mimi namwona kwa jicho tofauti: makocha wa klabu 13 hawawezi wote kuwa wajinga. Mtu haitwi mara 13 kama hana anachokijua.

Na Thabeet? Houston haikumtumia kwa kitu. Akaenda Portland, kisha Oklahoma City, ambako msimu wa 2012–13 alicheza mechi 66 kwa wastani wa dakika 11 na ushei. Jumla yake katika NBA ikawa mechi 224. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Waandishi wa Marekani humtia katika kila orodha ya walioteuliwa juu wakaanguka, na jambo la kusikitisha ni kwamba nasi wa Afrika Mashariki tumeipokea orodha hiyo tukaikariri kwa kicheko, katika -ngali- ya majuto yasiyo yetu: wangalimchukua Curry, wangalimchukua Harden. Hata klabu nyingine zilizokuwa na nafasi ya kumchukua Curry mbele ya wa saba hazikumchukua, lakini wachezaji waliochukuliwa na klabu hizo hawasemwi kama anavyosemwa kijana wa Dar es Salaam.

Simtetei kwa kuwa anazungumza Kiswahili. Mchezo wake wa ushambuliaji ulikuwa finyu. Hilo lilionekana kwa macho. Lakini anayetaka kuipima safari ya mchezaji hana budi kuuliza alianzia wapi. Vijana wenzake katika uteuzi ule wengi wao walikuwa wameshika mpira tangu utotoni, wakifundishwa na makocha wa kulipwa, wakicheza mamia ya mechi kabla ya chuo. Yeye aliuanza mchezo huu akiwa amekwisha kuingia katika ujana, nchini mwake, halafu akavuka bahari akiwa mwanafunzi wa sekondari. Miaka michache tu baada ya hapo alikuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East, mwaka 2008 na tena 2009, akiwa na chuo cha Connecticut kilichofika nusu fainali ya taifa. Mtu aliyesafiri umbali huo kwa muda huo hajashindwa. Amefika mahali ambapo watu walitarajia aendelee kupanda kwa kasi ileile, kwa dakika 13 za mazoezi ya mechi, nyuma ya mlinzi bora wa baadaye. Hukumu nzito yafaa iwaangukie waliomteua, si yeye aliyeteuliwa.

Lugha yetu yenyewe ina sauti mbili juu ya jambo hili. Mitaani tunasema fulani "anasugua benchi", na hiyo ni dhihaka. Lakini magazeti yetu, tangu enzi za wachambuzi wa kandanda ya redioni, yamemwita mtu huyo mchezaji wa akiba. Akiba ni nini? Ni kile unachokiweka kando kwa sababu kina thamani. Huweki akiba ya takataka. Akiba haiozi, walisema wazee. Makocha wa Boston walilielewa hili miaka ya hamsini na sitini, pale Red Auerbach alipomwacha Frank Ramsey, na baadaye John Havlicek, aketi mwanzoni ili aingie wakati wapinzani wamechoka. Tangu msimu wa 1982–83 NBA imekuwa ikimtunuku kila mwaka akiba bora. Manu Ginobili wa Argentina, aliyekuwa wa 57 katika uteuzi wa 1999, aliipata tuzo hiyo mwaka 2008, na mwaka 2022 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Mtu aliyeingia pale akitokea benchi!

Najua kuna mwalimu atakayesema haya ni mambo ya Wamarekani na fedha zao. Lakini mwalimu huyohuyo ndiye anayewafundisha wasichana na wavulana 12 katika timu ya shule, huku watano wakicheza na saba wakitazama. Kila mwaka vijana wetu kadhaa hutafuta ufadhili wa masomo ng'ambo kupitia mpira wa vikapu, na mwalimu huombwa aandike ripoti. Huandika pointi. Kijana aliyepata pointi 4 huonekana nusu ya aliyepata 8, hata kama wa kwanza alicheza dakika 7 na wa pili dakika 38. Ripoti ya namna hiyo si ya uongo, ila haisomeki. Ni sawa na kuandika kwamba mwanafunzi alipata maswali manne sahihi bila ya kusema aliulizwa mangapi.

Pendekezo langu kwa walimu wa michezo halihitaji bajeti wala kompyuta. Kwenye karatasi ya kurekodi mechi, kando ya jina la kila mchezaji, ziongezwe safu tatu: dakika alizocheza, aliingia badala ya nani, na matokeo yalikuwaje alipoingia na alipotoka. Safu ya tatu ndiyo ingalimfichua Battier mapema zaidi. Na wanafunzi wanaocheza fantasi, ambao tayari wanazijua hesabu hizi kuliko sisi, wakabidhiwe kazi hiyo Jumamosi uwanjani: saa moja, penseli moja, na daftari la mistari.